Vifaa vya Kutoa Gari Lililokwama: Wapi Utoe Pesa Nyingi na Wapi Ubane

Masika yanapoingia, udongo mweusi wa mbuga unaotandaa Ndutu, ukanda wa magharibi wa Serengeti na uwanda wa Maasai Mara upande wa Kenya hubadilika kwa saa chache. Asubuhi huwa mgumu kama sakafu, lakini baada ya mvua ya mchana hunyonya maji, huvimba na kuzishika tairi kiasi kwamba hata Land Cruiser inayovuta kwa magurudumu yote manne huishia kuzungusha tairi mahali pamoja mpaka ikakalia chesisi yake. Kila anayepita njia hizo hubeba kitu cha kujitolea, na kila anayenunua gari la kwanza la kazi hiyo huuliza swali lile lile: anunue seti nzima ya bei nafuu iliyopangwa kwenye mfuko mmoja, au avumilie bei ya kampuni zenye jina, ambayo huzidi ile mara kadhaa?

Mimi nimeendesha wageni kutoka Arusha kwa miaka mingi, na naona swali hilo limeulizwa vibaya. Vifaa hivi havifanyi kazi moja, kwa hiyo havistahili kupimwa kwa bei ya mfuko. Chukua kila kimoja peke yake, kisha ujiulize kitafanya nini siku kitakapovunjika. Mpini wa koleo ukivunjika, utachelewa kufika kambini. Mkanda, au pingu ya chuma inayouunganisha na gari, ikikatika wakati gari mbili zinavutana, kipande chake huruka kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuikwepa. Mpangilio ulio hapa chini unafuata hoja hiyo, kuanzia kinachostahili shilingi ya kwanza hadi kinachoweza kusubiri.

Mahali pa kufungia

Cha kwanza ni kile ambacho wengi hawakihesabu kuwa kifaa, nacho ni ndoano au kitanzi cha gari lenyewe. Vitanzi vyembamba vinavyoonekana chini ya magari mengi madogo viliwekwa ili gari lifungwe lisitikisike likiwa melini au juu ya lori, wala havikukusudiwa kubeba mvuto wa ghafla. Mpira wa kuvutia tela ni hatari zaidi, kwa kuwa umewahi kukatika na kuua watu, na kwa sababu hiyo haufai kabisa kufungiwa mkanda. Hata ndoano iliyochomelewa kwenye bampa na fundi wa mtaani, hata awe hodari namna gani, siiamini, kwa sababu kiungo cha kuchomelea hakionyeshi udhaifu wake mpaka siku kinapoachia.

Kinachotakiwa ni bamba au ndoano iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikafungwa kwenye chesisi kwa boliti zenye alama ya uimara ya 8.8 au 10.9 kichwani. Hapa sioni nafasi ya kubana matumizi. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu aanze na ndoano mbili za mbele na moja ya nyuma, kwani mkanda mzuri uliofungwa mahali pabovu hauna faida.

Mkanda wa kuvutia

Hapa ndipo bei nafuu na bei ghali zinapotengana kwa kweli, na ndipo wanunuzi wanapodanganyika zaidi. Mkanda wa kutolea gari hutengenezwa kwa nailoni ili unyumbuke. Mkanda bapa hurefuka kiasi cha asilimia 20, na kamba ya duara iliyosukwa kwa kazi hiyo hufika karibu asilimia 30. Gari linalovuta linapoondoka, mkanda hurefuka na kuweka nishati ndani yake, kisha huirudisha polepole kwa gari lililokwama, ambalo huchomoka bila kishindo. Mkanda wa poliesta, ambao dukani hulala kando ya ule wa nailoni na hufanana nao kwa rangi na upana, haurefuki kwa kiasi cha maana. Unafaa kukokota gari bovu barabarani au kurefusha waya wa winchi, yaani mashine ya kuvutia inayofungwa kwenye gari, lakini ukivutwa kwa kuchupa, kishindo chote huishia kwenye ndoano na chesisi. Mnyororo na waya wa chuma ni vivyo hivyo. Kamba yetu ya katani ninaiheshimu kwa kufungia mizigo juu ya kerieri, lakini haina mahali katika kazi hii.

Machi moja karibu na Ndutu, mwenzangu alileta mkanda mpya ulioandikwa tani 12 bila kutaja ulitengenezwa kwa kitu gani. Ulikatika kwenye mvuto wa pili, na kipande kilichobaki kwenye gari lake kilirudi kikavunja kioo cha mlango wa nyuma. Tulikuwa tumewashusha wageni na kuwasimamisha mbali, ndiyo maana ninaweza kuisimulia habari hii kwa utulivu. Jioni tulikata nyuzi chache tukazitia kwenye ndoo ya maji, nazo zikaelea. Nailoni huzama, na poliesta huzama pia. Nyuzi zinazoelea katika mkanda wa aina hiyo kwa kawaida ni polipropilini, plastiki ya kamba za kuanikia nguo. Tangu siku hiyo simnunulii mtu mkanda bila kumwomba muuzaji nyuzi mbili kutoka kwenye mshono wa mwisho, na muuzaji anayekataa amekwisha kunijibu.

Baada ya kujua umetengenezwa kwa nini, tazama uzito ulioandikwa. Lebo ya kuaminika hutaja uzito wa chini kabisa unaokata mkanda, tofauti na “tani” tupu ambayo haielezi kama ni uzito wa kufanyia kazi au wa kukatika. Australia, nchi yenye mazoea makubwa ya safari za namna hii, imeweka sharti la kisheria kwamba mikanda hii ibebe maandishi ya tahadhari, na mwongozo wa huko ni kwamba nguvu ya kukatika iwe kati ya mara 2 na mara 3 ya uzito wa gari likiwa limejaa, tukihesabu gari lililo jepesi kati ya hayo mawili. Land Cruiser ya safari yenye abiria na mafuta hukaribia tani 3 na nusu, hivyo mkanda wa kilo 8,000 hadi 10,000 unaifaa. RAV4 iliyobeba familia kuelekea kijijini haitaki huo. Mkanda mnene kupita kiasi hautanyumbuka kwa gari jepesi, na utakuwa umelipia nailoni inayofanya kazi kama waya.

Uamuzi wangu ni kununua mkanda wa kampuni inayojulikana, kama ARB ya Australia, wa urefu wa mita 9, hata kama itabidi vitu vingine visubiri mwaka mmoja. Uoshwe matope baada ya kazi, ukaushwe kivulini na upumzishwe kati ya mvuto na mvuto, kwa kuwa nailoni hupungua nguvu ikilowa, ikipata joto la kuvutwa mfululizo au ikiachwa juani. Mkanda uliochanika ukingoni, hata kwa urefu wa ukucha, ukatwe vipande ili asije mtu mwingine akaufunga. Dereva anayevuta naye aondoke taratibu, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara 2, nishati inayoingia kwenye mkanda huongezeka mara 4. Wanaotazama wasimame mbali kupita urefu wa mkanda mara moja na nusu, kamwe si kwenye mstari wake.

Pingu za chuma na pingu laini

Pingu ya chuma ya umbo la upinde, ambayo mafundi wengi huiita shekeli, ndiyo inayounganisha mkanda na ndoano. Habari njema ni kwamba pingu bora haina bei ya kutisha iwapo utaitafuta mahali panapostahili. Iliyopakwa rangi ya kupendeza na kuwekwa kwenye seti ya safari za nje ya barabara huuzwa ghali bila sababu, au huuzwa rahisi bila alama yoyote ya maana. Nenda kwa wauzaji wa vifaa vya kunyanyulia mizigo, wale wanaohudumia bandari, migodi na ujenzi, ukaombe pingu ya tani 4.75 ya Crosby ya Marekani au Green Pin ya Uholanzi. Unene wa chuma chake ni milimita 19, uzito wa kufanyia kazi umegongwa kwenye chuma chenyewe pamoja na jina la mtengenezaji, na nguvu yake ya kukatika ni mara 6 ya uzito huo. Pingu isiyo na maandishi hayo, au ambayo maandishi yake ni stika, irudishe rafuni.

Pingu laini, yaani kitanzi kilichosukwa kwa nyuzi imara za plastiki za aina ya Dyneema, ni nyepesi sana, jambo linalopunguza madhara iwapo kitu kitakatika. Kwake jaribio la ndoo hugeuka: uzi wa ndani lazima uelee, na ukizama umeuziwa kitu kingine. Udhaifu wake ni ncha kali na joto, kwa sababu nyuzi hizo huyeyuka zikikaribia nyuzi joto 150 na hukatika upesi zikisuguliwa kwenye ukingo wa bamba. Mimi hubeba pingu mbili za chuma na moja laini. Kuunganisha mikanda miwili kwa pingu ya chuma katikati ni kosa ambalo bei haiwezi kulirekebisha, maana mkanda mmoja ukikatika, pingu hiyo hugeuka risasi.

Koleo, geji na pampu ya upepo

Hapa bana pesa yako bila wasiwasi. Koleo la dukani lenye mpini mrefu wa mti hufanya kazi vizuri kuliko lile dogo la kukunja linalouzwa ghali kwa sababu ya mfuko wake. Katika udongo wa mbuga, koleo hutangulia mkanda. Fukua mbele ya kila tairi na chini ya difu, upitishe hewa, na mara nyingi gari litatoka kwa mvuto mdogo ambao hata mkanda hautausikia.

Geji ya upepo iwe ya mshale, nzuri ya kawaida. Kushusha upepo hadi karibu PSI 18 kwenye mchanga, kama ule wa pembezoni mwa Ziwa Natron au jangwa la Chalbi, hutoa magari mengi kuliko winchi zote za Arusha. Tahadhari moja ni kwa Land Cruiser zinazotumia tairi 7.50R16 zenye tyubu: ukishusha kupita hapo, tairi huteleza juu ya ringi na kung’oa mdomo wa tyubu. Pampu ya umeme ya bei ya kati inatosha. Ile ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari hupata moto kabla haijamaliza tairi ya pili ya ukubwa huo, kwa hiyo chagua inayofungwa moja kwa moja kwenye betri.

Vibao vya kukanyagia

MAXTRAX ya Australia, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ndiyo iliyovipa jina vibao hivi vya plastiki vyenye meno, ambavyo huwekwa chini ya tairi ili ipate pa kukanyaga. Jozi yake huuzwa takribani dola 300 nchini Marekani, ilhali miigo yake hupatikana kwa chini ya dola 100. Tofauti imo kwenye plastiki. Nailoni iliyoimarishwa dhidi ya jua hupinda na kurudi, na ile ya miigo hupasuka ikiwekwa juu ya shimo. Hata hivyo, dereva akizungusha tairi kwa fujo, meno ya vibao vyote huyeyuka kwa dakika moja, vya bei yoyote.

Kwa anayeishi na mchanga, vya ghali vinajilipa. Kwa anayeishi na udongo mweusi, ambao huziba meno kwa tope la kunata, sioni sababu ya kulipa dola hizo. Vipande viwili vya mbao ngumu vya urefu wa mita moja, kama wabebavyo madereva wa malori, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na pia huwekwa chini ya jeki ili isizame.

Jeki ndefu na winchi

Jeki ndefu ya aina ya Hi-Lift, inayotengenezwa Marekani tangu 1905, inafaa gari lenye bampa la chuma. Kwenye Prado au RAV4 yenye bampa la plastiki haina pa kushika, na jeki ya chupa iliyokalishwa juu ya ubao inatosha. Ukiinunua, usinunue mwigo. Mpini wake hurudi kwa nguvu ya kuvunja taya pale pini zinapoteleza, na pini za chuma laini huteleza.

Winchi huja mwisho, ingawa ndiyo inayotamaniwa na wengi. Uwezo wake uwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari lililojaa, hivyo kwa Land Cruiser ya safari tunazungumzia paundi 12,000, sawa na kilo 5,443. Namba hiyo hupatikana waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye ngoma unakozungushiwa, na kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu. Kapi moja huongeza mvuto karibu mara 2, na gharama yake ni ndogo. Winchi za bei nafuu siku hizi zina gia nzuri, ila hufa kwa maji yanayopenya kwenye mota na swichi, hasa kwenye gari linalokaa miezi bila kuitumia. Tena katika nyingi breki imo ndani ya ngoma, na joto lake huharibu kamba ya nyuzi wakati wa kushusha gari, kwa hiyo winchi ya bei nafuu ibaki na waya wa chuma. Warn ya Marekani hugharimu mara kadhaa zaidi na hudumu miaka mingi ikitunzwa, lakini kwenye nyika ya Ndutu isiyo na mti hata mmoja wa kufungia, dereva mwenye winchi ya aina hiyo atalazimika kuzika tairi la akiba ardhini apate pa kuvutia, au kusubiri gari la pili lenye mkanda.

Kwa hiyo kampuni yenye magari mawili au zaidi yanayotembea pamoja haina haja ya winchi kwenye kila gari. Inatosha moja, na kila gari libebe mkanda, pingu na koleo lake. Mwenye gari moja anayepita msituni au kwenye makorongo ya Ruaha peke yake, ambako miti ipo na msaada haupo, ndiye ninayemshauri ajikusanyie pesa ya winchi nzuri, baada ya kumaliza yote yaliyotangulia.