Kufukuzia X-Men kutoka mwanzo? Anza 1975, mfuate Storm

Kama unataka kuanza kusoma X-Men leo, zile katuni za kampuni ya Marvel kuhusu mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu, na mtu amekwambia uanze na toleo la kwanza la Septemba 1963, mpuuze kwa heshima. Stan Lee na Jack Kirby walianzisha jambo kubwa, hilo halina ubishi, lakini kuyasoma matoleo yale sasa hivi ni kama kufanya kazi ya darasani. Hata wasomaji wa wakati ule walichoka. Kuanzia mwishoni mwa 1970 hadi 1975 kampuni ilikuwa inachapa tena stori za nyuma chini ya jina lile lile. Mlango wenyewe ni Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, ya Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Ukiimaliza unadaka mfululizo kwenye toleo la 94, hapo Chris Claremont anaposhika kalamu. Hakuiachia mpaka 1991.

Mimi niliingilia kwa mtumba. Wale wauza vitabu wanaotandaza kando ya njia huko Posta, katikati ya vitabu vya uhasibu na Biblia za Kiingereza, walikuwa na Essential X-Men juzuu ya kwanza: linene, karatasi ya gazeti, michoro myeusi na myeupe mwanzo mwisho. Ndani yake kuna ile Giant-Size na matoleo 94 hadi 119. Muuzaji alianza na bei ya mtalii, tukaelewana kwa bei ya mtu wa Kimara. Msiidharau nyeusi na nyeupe. Mistari ya Cockrum, na ya John Byrne anayempokea kwenye toleo la 108, inaonekana vizuri zaidi bila zile rangi za zamani. Kinachopotea ni moto wa Phoenix, yaani shujaa Jean Grey kwa jina lake jipya, tu, maana moto usio na rangi ni mikwaruzo.

Juzuu lilipoisha nikajiunga na Marvel Unlimited, ile maktaba ya kwenye simu ya kampuni yenyewe. Ada ni kama dola 10 kwa mwezi, kwa hela yetu shilingi 25,000 na ushee, na humo mna matoleo zaidi ya 30,000. Matoleo mapya huingia kama miezi mitatu baada ya kutoka dukani, jambo ambalo kwa mtu aliye nyuma miaka arobaini halina shida yoyote. Kuhusu bando: pakua usiku, au pakua kwenye intaneti ya ofisini kama bosi wako ana roho nzuri, halafu soma bila mtandao. Kutoka Kimara mpaka Kivukoni, ukibahatika kupata siti kwenye mwendokasi, matoleo mawili yanaisha bila wasiwasi. Ukisimama, sahau. Mkono mmoja bombani, mwingine mfukoni kulinda simu, utasoma saa ngapi?

Sasa, kwa nini Storm. Sisi tuliokulia kwenye Sani tulizoea katuni ambayo ukikosa toleo hukosi kitu. Lodi Lofa ni yule yule wiki zote. X-Men ni kinyume, watu wanakufa, wanaoa, wanasaliti, na wahusika ni wengi kuliko wageni wa harusi ya Mbagala. Bila uzi wa kushika unapotea. Mimi nikamshika Storm, shujaa anayetawala hali ya hewa, jina lake halisi Ororo: baba Mmarekani mpiga picha, mama Mkenya, kazaliwa New York, kakulia Cairo. Toleo la 102 ndilo linaloeleza hofu yake ya sehemu zilizobana. Akiwa mtoto, wakati wa vita vya Suez, ndege inaangukia nyumba yao, naye anabaki kifusini pamoja na maiti ya mama yake. Na unaipata habari hiyo katikati ya mapigano, wenzake wanapigwa huku yeye kaganda kwenye ngome huko Ireland. Claremont alikuwa na ubaya huo, anakuletea msiba wakati umeshajiandaa kushangilia.

Afrika yao, hata hivyo, inachekesha. Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anamkuta Ororo Kenya, kifua karibu wazi, wanakijiji wamepiga magoti wanamwomba mvua. Hii ni 1975, Nairobi ina maghorofa na Dar ina chuo kikuu. Nilisoma ukurasa ule huku nimekunja uso. Lakini usiache kusoma kwa sababu hiyo, kwani Claremont, aliyempokea Wein, anaivunja picha ile polepole.

Anaivunjia kwenye toleo la 173, la 1983. Storm yuko Japani, anarudi kwa wenzake amenyoa kiduku, amevaa ngozi nyeusi tupu, na Kitty Pryde, binti anayempenda kama dada, anashindwa kuvumilia. Mpwa wangu, ambaye anamjua Storm wa kwenye runinga tu, alichungulia begani kwangu akaniuliza, "Mjomba, huyu nani kamharibu?" Nikamwambia kajinyoa mwenyewe. Hakuamini. Mwaka unaofuata, toleo la 185, anapigwa na silaha iliyokuwa imelengwa kwa mwenzake Rogue, nguvu zake zote zinazimika. Mwandishi mwingine angemrudishia baada ya mwezi. Claremont alimwacha hivyo kwa miaka.

Na hapo ndipo kuna matoleo mawili ambayo yenyewe tu yanalipa ada ya mwezi: la 186 na la 198, yote yamechorwa na Barry Windsor-Smith. Hilo la pili linampeleka Afrika akiwa mtu wa kawaida, mwenye kiu. Anafika kijiji kilichokauka na binti mjamzito, mtoto anazaliwa bila pumzi, Storm anampulizia mpaka analia. Halafu mzee wa kijiji anajiondoa duniani, kwa sababu chakula kilichopo kina idadi yake ya midomo. Hakuna adui wa kupigana naye. Nililirudia.

Kisha toleo la 201, 1986: Storm asiye na nguvu anapambana na mwenzake Cyclops kuwania uongozi wa X-Men. Cyclops anarusha miale kwa macho, Storm ana mikono na akili tu. Anamvizia, anamnyang'anya miwani, mchezo umekwisha. Raha tupu.

Mwaka huo huo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Jean Grey, aliyekufa mwezini kwenye toleo la 137 mwaka 1980 kwa kifo kilichostahili kuheshimiwa, anafufuliwa ili kuuza jarida jipya la X-Factor, na Cyclops anamwacha mke na mtoto mchanga. Mutant Massacre, mkasa uliosambazwa kwenye majarida mengi, nayo inakurusha kwenda X-Factor, New Mutants, Thor hadi Power Pack ili uelewe mkasa mmoja. Mimi nilisoma ya Uncanny X-Men tu, yaani mfululizo huu huu wa Claremont, na sikufa. Kufika 1991 wanatoa X-Men namba 1 mpya, ya Claremont na Jim Lee, majalada matano, nakala zaidi ya milioni 8. Baada ya matoleo matatu Claremont anaondoka. Ondoka naye.

Miaka inayofuata nimeipitia juu juu. Ndoa ya Storm na Black Panther ya 2006 ni sherehe nzuri isiyo na ndoa ndani yake, na 2012 ikabatilishwa. Ruka mpaka 2019, House of X na Powers of X za Jonathan Hickman, matoleo sita sita yanayosomwa kwa kupishana. Kisiwa cha Krakoa, kile kile kilichotaka kuwala mashujaa 1975, sasa ni taifa lao. Asiyeisoma Giant-Size hataupata utamu huo wote.

Kwa simu ndogo programu inakuvutia kisanduku kimoja kimoja, na kwa Byrne inatosha kabisa. Kwa Windsor-Smith azima tableti. Ada ya mwezi ujao nitalipa. Ya mwaka mzima, wacha kwanza nione kama Storm wa Hickman na waliomfuata anafika robo ya huyu mwenye kiduku.