Diski ya Kingston A400 ndani ya kompyuta ya mwaka 2012

Kompyuta ya mezani inayohudumia steshenari yangu ni Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Core i5-3470, ya kizazi cha tatu cha Intel kilichotoka mwaka 2012. Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, na hadi mwanzoni mwa mwaka huu ilikuwa ikijikongoja kiasi kwamba mteja aliyeleta flashi ili nimchapie kurasa mbili aliweza kwenda kunywa chai na kurudi kabla faili lake halijafunguka. Uwezo wa kununua mashine mpya sikuwa nao. Nilikuwa na shilingi 150,000 tu.

Fundi wa kwanza alinishauri nibadilishe prosesa. Sikumfuata, kwa kuwa nilipotazama Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinavyotumika, niliiona prosesa imetulia kwenye asilimia 10 hivi, ilhali diski ilikuwa asilimia 100 muda wote. Mchawi alikuwa ile diski ya kuzunguka, ambayo kila inapotafuta faili hulazimika kusogeza kichwa chake huku na kule.

Nikanunua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya Kingston A400 ya GB 240 kwa shilingi 72,000. Kiwanda kinaitaja kasi ya kusoma ya hadi MB 500 kwa sekunde na ya kuandika ya hadi MB 350, lakini tarakimu hizo si za kuzingatia sana. Kinachobadilisha maisha ya ofisini ni wepesi wa kuyafikia mafaili madogo madogo yaliyotawanyika. Ndani ya pakiti kuna diski peke yake, bila waya wala skrubu, na kwa kuwa ni ya saizi ya inchi 2.5 nililazimika kuongeza fremu ndogo ya plastiki ili ikae vizuri mahali pa ile ya inchi 3.5. Ichomekwe kwenye mlango wa SATA (wa kuunganishia diski) wa gigabiti 6 kwa sekunde, kwa sababu bodi hii ina na ule wa polepole wa gigabiti 3. Mashine iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika nne kuwaka sasa inawaka kwa sekunde 25.

Kasoro yake ni kwamba haina kumbukumbu yake ya haraka ya ndani, DRAM, hivyo diski za aina hii hupunguza mwendo pale unaponakili mafaili makubwa mfululizo. Kwa kazi za kuchapa na kuskani hilo halinigusi. Mhariri wa video atafute nyingine.

RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta ambayo nayo nilitaka kuiongeza, ndiyo iliyonitoa jasho. Muuzaji mmoja aliniuzia kijiti cha DDR3 cha GB 8 kwa bei ya kutupa, kikaingia kwenye nafasi yake bila shida, lakini mashine ikagoma kabisa kuwaka. Kumbe kilikuwa kijiti cha seva. Tazameni lebo: kinachofaa kinaandikwa PC3-12800U, na kile cha seva huishia na herufi R. Bahati nzuri alinibadilishia, ingawa kwa manung'uniko mengi, nikaongeza shilingi 15,000 juu.

Mipaka ya ukarabati huu ni ya programu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) pamoja na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, masharti ambayo mashine hii haiyatimizi. Nimeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure na mwepesi, na printa yangu ilitambulika mara moja. Usumbufu uliobaki ni wa fonti: barua iliyopangwa kwa Calibri ikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ninayotumia sasa, huenda ikasogeza mistari, kwa hiyo wateja wenye barua za kazi nawaomba waje na PDF.

Chenji ilitosha betri ya CR2032, ile ndogo inayoitunza saa ya bodi, na saa ya mashine haijarudi nyuma tena umeme unapokatika.