Pedi za breki za Akebono kwenye IST: nimezifunga mwenyewe uani

Gari letu ni Toyota IST ya 2004, ya cc 1300. Ndiyo inayopeleka watoto watatu shule, na ndiyo inayomfuata mama mkwe stendi akija kutoka Korogwe na mizigo yake. Mwezi wa pili ilianza kulia nikikanyaga breki, mlio mwembamba wa chuma, hasa nikishuka kilima cha kwetu Kinyerezi. Wiki iliyofuata usukani ukaanza kuvuta kulia. Hapo nikajua upande wa kushoto ndio haushiki.

Pedi zilikuwa zimebadilishwa gereji miezi saba tu kabla. Safari hii niliamua kuifanya kazi hii mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa malori Morogoro, na tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa namshikia tochi, kwa hiyo spana hainitishi.

Kwenye duka la spea Shaurimoyo, muuzaji alinitolea maboksi matatu. "Dada, hizi za elfu ishirini na tano ndizo mafundi wanachukua sana." Nikamwomba anifungulie yote nishike. Za bei ndogo kitambaa, yaani ile sehemu ya pedi inayosugua diski, kilikuwa na ufa pembeni, na kwenye bati lake nikaona alama za gundi iliyomwagika. Nikachukua Akebono kwa sh. 75,000. Ni kampuni ya Japani iliyoanza 1929, na imetengeneza hadi breki za treni za Shinkansen. Lakini kilichoniridhisha ni kuziweka juu ya pedi niliyokwenda nayo kutoka nyumbani: masikio, umbo na matundu vikalingana sawasawa. Nendeni na pedi ya zamani mkononi. "IST" peke yake haitoshi, maana kuna za 1300 na za 1500, za 2WD na za 4WD.

Kabla ya kufungua tairi, gari likae kwenye stendi, zile nguzo fupi za chuma za kulishikilia. Nilinunua jozi ya stendi za tani 3 kwa sh. 60,000, na hela hiyo siijutii hata kidogo. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Baba hakuwahi kuturuhusu kuingiza hata mguu chini ya gari lililoshikwa na jeki. Legeza nati kwanza tairi likiwa bado chini, weka mawe nyuma ya matairi mengine, halafu ndiyo unyanyue.

Nilipotoa kalipa ya kushoto, ile inayobana pedi kwenye diski, nikaona sababu ya yote. Pedi ya nje ilikuwa imebaki karibu nusu. Ya ndani ilikuwa imekwisha, imebaki kama milimita moja, na kile kibati cha kupiga kelele pedi ikiisha kilikuwa kinasugua diski. Seti moja, tairi moja, na zimeliwa tofauti hivyo! Pini ya chini ya kalipa ilikuwa imekauka na kushika kutu, haitelezi. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa yenyewe inapaswa kuteleza kwenye pini ili ivute ya nje. Pini ikiganda, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Aliyezifunga mara ya mwisho hakugusa pini kabisa. Kwa hali ile, hata ningeweka pedi za dhahabu zingekwisha kwa miezi saba vilevile.

Pini nilizitoa, nikazisugua kwa msasa laini, nikazipaka grisi maalumu ya breki, ya silikoni, sh. 12,000. Duka la pili walitaka kuniuzia grisi ya kawaida ya beringi. Msikubali. Ile inavimbisha vile vimpira vya pini, na baada ya muda mfupi pini inaganda tena. Grisi isiguse diski wala kitambaa cha pedi.

Kalipa niliifunga kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu ya mafuta ya breki. Pistoni niliirudisha taratibu kwa klampi ya seremala huku mwanangu wa kidato cha pili akiangalia kikopo cha mafuta chini ya boneti. "Mama, yanapanda!" Tukanyonya kidogo kwa bomba la sindano. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi ya gari, yanaila. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Upande wa kulia ulikwenda haraka, pini zilikuwa nzima. Kazi yote ilichukua saa tatu na nusu, na mbili kati ya hizo ni upande wa kushoto peke yake.

Ukimaliza, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, kabla hujawasha gari kutoka. Ukisahau, mara ya kwanza utakanyaga mpaka chini na gari haitasimama. Jumapili alfajiri nilitoka nayo barabarani, nikapunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 mara kama ishirini, nikiacha diski zipoe katikati, ili kitambaa kikae vizuri.

Sasa nimetembea kilomita 2,400. Mlio hakuna, usukani umenyooka, na pedali inashika juu. Wiki iliyopita nilifungua tairi la kushoto kuangalia: ndani na nje zinaliwa sawa. Ringi za mbele hazipati tena ule weusi mwingi uliokuwa unanilazimu kuziosha kila Jumamosi. Asubuhi ya mvua zinakwaruza kidogo breki ya kwanza, kisha zinanyamaza, nami sina shida na hilo.

Pedi za Akebono nitazinunua tena. Breki za nyuma ni za dramu, si za diski, na handibreki imeanza kupanda juu kuliko kawaida, kwa hiyo likizo ya Juni nafungua huko.