Martini-Henry yangu baada ya miezi saba karakanani: tathmini ya huduma ya kukarabati bunduki za kale

Bunduki yangu aina ya Martini-Henry ilikaa miezi saba mikononi mwa fundi wa silaha za kale, na tangu irejee nimeichunguza mara nyingi kwa kurunzi na kioo cha kukuzia kabla ya kuandika lolote. Karakana hiyo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninalo lalamiko moja zito dhidi yake, ingawa sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa humo ninaisifu bila kusita.

Kwa msomaji asiyeifahamu silaha hii, ni vyema nieleze kwa ufupi jinsi inavyofanya kazi, kwani ugumu wa kuikarabati unatokana na umbo lake. Ilipokelewa rasmi na jeshi la Uingereza mwaka 1871 ili ichukue nafasi ya Snider-Enfield, ambayo asili yake ilikuwa gobori lililokatwa upande wa nyuma na kuwekewa kizibo cha bawaba, ili risasi ipakiwe kwa nyuma badala ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Martini-Henry haikuwa gobori lililogeuzwa, bali iliundwa tangu mwanzo ipakiwe nyuma. Wenzo ulio nyuma ya kifyatulio ukivutwa chini, kizibo cha chuma kinainama upande wa mbele, ganda tupu linatupwa nje na chemba, yaani mahali pa kuwekea risasi, inabaki wazi. Wenzo ukirudishwa juu, kizibo kinapanda na kuiziba chemba. Springi ya pini ya kupigia imefichwa ndani ya kizibo chenyewe. Kwa hiyo kutu ikiingia humo, mtambo mzima unagoma, na hakuna pa kuishika isipokuwa kwa kuufungua wote.

Yangu ilikuwa imegoma hivyo. Wenzo haukusogea hata unene wa ukucha, vichwa vya skrubu nne vilikuwa vimelika, na kitako kilikuwa kimepakwa vanishi nene inayong'aa kama meza ya sebuleni. Kabla hata ya kuzungumzia malipo, fundi alitaka kwanza kujua kama ndani mna risasi. Kwa kuwa chemba haikuweza kufunguliwa, aliingiza ufito wa mbao kupitia mdomo wa mtutu hadi ukagota, akautia alama, kisha akaulaza nje kando ya mtutu ili aone ncha yake ilifika wapi. Ilifika kwenye uso wa kizibo, maana yake chemba ilikuwa tupu. Nimekutana na watu wanaojiita wakarabati ambao hawakuwahi kuufanya uchunguzi huo, nao ni wa dakika moja tu.

Katika kazi ya chuma, jambo lililonipendeza zaidi ni subira. Mtambo ulidondoshewa mafuta ya kupenya kila siku kwa wiki tatu, ukipashwa moto kidogo mara kwa mara, bila kugongwa nyundo. Skrubu zilifunguliwa kwa bisibisi ambazo fundi alizinoa mwenyewe ili ncha zake zijae sawasawa ndani ya mfuo wa kila skrubu. Bisibisi ya kawaida ya dukani ina ncha iliyochongoka kama kabari, hivyo hupanda juu inapozungushwa kwa nguvu na kuula mfuo. Tatu zilitoka salama. Ya nne ilikatika, akachonga nyingine kwa mashine ya kukereza na kuitia alama ndogo upande usioonekana, ili atakayeifungua bunduki baadaye ajue kwamba skrubu hiyo si ya asili.

Mimi nilikuwa nimependekeza kutu itolewe kwa umeme, yaani kuzamisha chuma katika maji yenye magadi na kupitisha mkondo hafifu. Alikataa, na sababu zake zilikuwa nzito. Njia hiyo hutoa kutu vizuri, lakini humwachia mtu chuma cha kijivu kisicho na uhai. Tena haifai kabisa kwa springi, kwa kuwa haidrojeni inayozalishwa huweza kupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kwa urahisi. Badala yake aliuchemsha mtutu katika maji safi. Kutu nyekundu ikichemshwa hugeuka kuwa oksidi nyeusi iliyoshikamana na chuma, na unga unaobaki juu hupanguswa kwa brashi laini. Alirudia mara kadhaa, na sasa mtutu una weusi wa kahawia uliotulia, ule unaomwonyesha mtazamaji kwamba chuma hiki ni cha karne ya 19. Tundu la mtutu lilioshwa kwa maji ya moto kabla ya kupakwa mafuta, kwani masalia ya baruti nyeusi ni chumvi inayovuta unyevu. Huyeyuka kwa maji, wala mafuta peke yake hayawezi kuyaondoa. Mifereji yote saba ya ndani, ile inayoizungusha risasi, sasa inahesabika, japo mashimo madogo ya kutu yapo na yataendelea kuwapo.

Faida ya kutotumia gurudumu la kung'arishia inaonekana upande wa kulia wa mtambo. Taji, herufi VR za Malkia Victoria, jina la kiwanda cha Enfield na mwaka vinasomeka, kingo zake zikiwa bado kali, na mishale miwili inayogusana kwa ncha, alama ya silaha iliyouzwa kutoka jeshini, ipo kamili. Kile kiashiria chenye umbo la tone, kinachoonyesha kama mtambo umetegwa, kilichokuwa kimegandishwa na kutu, sasa kinafuata wenzo kwa ulaini.

Lalamiko langu linahusu mbao. Niliandika katika makubaliano kwamba vanishi iondolewe kwa kiyeyushi na kitako kipakwe mafuta ya kitani kwa mkono. Mabonde ya kitako yaliinuliwa vizuri sana kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, ambayo mvuke wake huvimbisha nyuzi za mti na kuzirudisha mahali pake. Baada ya hapo kazi ilikabidhiwa kwa mwanafunzi, naye akatumia msasa. Muhuri wa duara uliogongwa kwenye kitako, uliokuwa ukionekana hata kupitia vanishi, sasa ni kivuli, na mbao imeshuka chini ya ukingo wa bamba la chuma la kitakoni, ilhali inapaswa kulingana nalo au kulizidi kidogo. Mafuta ya kitani yaliyopakwa baadaye ni mazuri, lakini yamepakwa juu ya hasara. Fundi alikiri kosa na kufuta malipo yote ya kazi ya mbao. Uungwana huo naushukuru, ila muhuri haurudi.

Mengine nitayapitia haraka. Taarifa ya kazi ilikuwa na picha za kila hatua, isipokuwa, ajabu, hatua ya msasa. Muda ulizidi ahadi kwa miezi miwili. Chuma kilimaliziwa kwa nta ya Renaissance, iliyobuniwa katika maabara ya British Museum miaka ya 1950, nayo haiachi alama za vidole. Fundi aliandika wazi kwamba bunduki hii imerejeshwa kwa ajili ya kutazamwa na si kupigwa, msimamo ninaoukubali. Pia aliomba nyaraka zangu za umiliki kabla ya kuipokea, na kila anayetaka huduma ya namna hii athibitishe kwanza sheria ya silaha za kale inasemaje mahali alipo.

Ninayo pia Snider inayosubiri zamu yake. Nitaipeleka kwa fundi huyohuyo, lakini nitautoa mtutu na mtambo kutoka katika mbao yake ndefu mimi mwenyewe, nimkabidhi vyuma tu.