Uzoefu wangu: Abasia ya Melk na bustani za Schönbrunn, Austria

Kama ziara yako ya Ulaya inapita Austria, nenda kote kuwili, lakini usivibane katika siku moja. Melk, abasia (makao ya watawa) iliyo juu ya mlima, iko kando ya mto Danube, magharibi ya Vienna. Kwa treni ni saa moja na ushee, mara nyingi kwa kubadilisha St. Pölten, kisha unapanda kwa miguu hadi kileleni. Schönbrunn, kasri lenye bustani kubwa, iko Vienna kwenyewe. Panda metro ya U4, ushuke kituo chenye jina hilohilo.

Wabenediktini, watawa wa kanuni ileile inayofuatwa Ndanda na Peramiho, wako Melk tangu 1089. Majengo ya sasa yalianza kujengwa 1702 enzi za Abate Berthold Dietmayr, kwa ramani za Jakob Prandtauer. Fundi huyu alifariki 1726 kazi haijaisha, akaimalizia Josef Munggenast.

Ndani utapita ukumbi mrefu wa mita 196, halafu vyumba vya makumbusho. Vipite kwa mwendo wa kawaida, muda wako uutunze kwa Ukumbi wa Marumaru. Kuta zake si marumaru bali ni jasi iliyotiwa rangi na kusuguliwa mpaka ikang'aa. Marumaru halisi ni miimo ya milango tu. Katikati ya sakafu kuna wavu wa chuma uliokuwa ukipitisha hewa ya moto kutoka chini. Simama hapohapo ndipo uangalie juu. Gaetano Fanti alichora nguzo za dari, na Paul Troger akachora watu mwaka 1731, vyote vikipimwa kwa jicho la mtu aliye katikati. Ukisogea ukutani, nguzo zile zinaonekana kulala upande. Watu wengi hutazama kutoka mlangoni, wakaondoka bila kuliona dari lenyewe.

Toka kwenye roshani uone mto, kisha ingia maktaba. Taa zake ni hafifu kwa ajili ya kulinda vitabu, basi yape macho dakika chache yazoee. Kutoka hapo unashuka kanisani kwa ngazi ya kuzunguka, nyembamba. Mwenye shida ya magoti aulize mapema njia nyingine. Kabla ya kupiga picha vyumbani, uliza kwanza.

Usiondoke bila kuingia bustanini. Kuna kibanda cha kifahari ambacho mchoraji Johann Bergl alikijaza picha za minazi, ndege na watu wa mabara ya mbali, kama Ulaya ya karne ya 18 ilivyoyawazia. Kwa msomaji wa pwani yetu, hiki ni cha kukipa muda.

Shirika la reli, ÖBB, huuza tiketi ya pamoja: treni mpaka Melk, kiingilio cha abasia, meli mpaka mji wa Krems na treni ya kurudi Vienna. Fuata mpangilio huo. Kuteremka na mkondo hakufiki saa mbili; kupanda kutoka Krems ni kama saa tatu, na utaingia abasia mchana umechoka. Meli ni za majira ya joto. Miezi ya baridi abasia huingiwa kwa kuongozwa tu, kwa saa zilizopangwa.

Schönbrunn naisifia zaidi bustani kuliko vyumba. Bustani kuu ni bure na hufunguliwa asubuhi na mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Kinacholipiwa ni vitu kama kichochoro cha fumbo (vijia vya kupotezana kati ya kuta za miti), bustani ya wanyama ya 1752 na roshani ya juu ya Gloriette, jengo la matao. Gloriette, iliyojengwa 1775, iko kilimani kusini mwa kasri. Ukisimama kasri ukaipiga picha adhuhuri, jua linakukabili na picha inatoka nyeusi. Panda mlima, ugeuke: jua linakuwa mgongoni, na kasri na jiji vinatoka safi. Njia ni za kokoto na maua ya katikati hayana kivuli, kwa hiyo panda kwa vichochoro vya miti vya pembeni, na viatu viwe vya soli ngumu.