TAHADHARI: Kadi feki ya Jordan ya 1986 ndani ya slabu feki (kasha la plastiki la kadi), na muuzaji bado yuko mnadani

Wadau, yule mshenzi aliyeniuzia kadi feki bado anauza. Jana usiku nimemkuta amepandisha nyingine, kadi ileile ya Michael Jordan, yule wa mpira wa kikapu, ya kampuni ya Fleer, meza ileile nyeusi, na mwanga uleule unaopiga kwenye lebo mpaka maandishi huyasomi sawasawa. Watu wameshafika dola 1,600. Nimeripoti, nikajibiwa na roboti. Kwa hiyo naandika hapa nikiwa na hasira zangu hivihivi, kabla hajamliza mwingine wetu.

Mnaonifahamu mnajua kadi hii nimeihangaikia tangu lini, na mnajua hela ile ilikuwa ya nini kabla sijambembeleza mama watoto. Jordan namba 57 haihitaji utambulisho humu. Kwa wageni tu: seti ya Fleer ya 1986-87 ina kadi 132, na ya Jordan ndiyo inayowatoa watu roho. Januari 2021 zenye daraja la 10, la juu kabisa, la PSA (kampuni inayokagua kadi, kuzipa daraja na kuzifunga kwenye slabu yenye lebo na namba) ziliuzwa dola 738,000 kila moja. Mimi wala sikuota 10. Nilitaka daraja la 5, kona zimechoka kidogo, kadi ya mtu anayelipwa kwa saa.

Mnada uliisha Jumapili usiku. Nilikuwa kwenye gari, maegesho ya kazini hapa Houston, zamu inaanza saa tano na simu iko chaji kwa kuwa betri lilishaanza kunitishia. Nikapandisha mpaka 2,350. Kaunta inaonyesha sekunde nne, mtu akaruka na 2,400. Basi. Nikafunga simu, nikaingia kubeba maboksi huku nimenuna.

Asubuhi natoka, nakuta ujumbe. Mshindi ameingia mitini, anasema muuzaji, na wewe ndiye uliyekuwa wa pili, bado unaitaka? Mwanangu, naitaka! Akaniambia tukimalizana nje ya mnada makato hayatamla, kwa hiyo atanishushia dola 150, na usafirishaji pamoja na bima juu yake. Nikasema hapana, kwanza tuongee kwa simu.

Tukaongea. Na hapa msianze kunicheka, kwa sababu hata wewe unayejifanya mjanja ungelainika. Ni sauti ya mzee, taratibu, anakohoa kidogo, nyuma yake kuna mbwa anabweka naye anamtuliza kwa jina. Kadi ni za marehemu kaka yake, anasema, yeye mwenyewe mambo ya kadi hayajui sana, anataka tu ziende kwa mtu atakayezithamini. Akaniuliza lafudhi yangu ni ya wapi. Nikamwambia Tanga, Tanzania. Akasema binti yake aliwahi kwenda Kilimanjaro na watu wa kanisani kwao, akarudi analia jinsi watu walivyo wakarimu. Tukaongelea mvua! Akanitakia baraka za Mungu kabla ya kukata.

Halafu si kwamba nilienda kwa baraka tu. Nilikagua. Akaunti yake ina sifa za wanunuzi zaidi ya mia nne, zote nzuri. Namba ya kwenye lebo niliiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya PSA, ikaja: 1986 Fleer, Michael Jordan, daraja la 5. Kila kitu kimelingana. Sasa niambieni, ningefanya nini zaidi? Ningempandia ndege?

Nikatuma 2,200 kwa ile njia ya kutumiana ndugu na marafiki.

Mzigo ulifika, tena umefungwa kwa adabu zote: boksi ndani ya boksi, kadibodi mbili, utepe wa bluu usioacha gundi, na karatasi ya mkono imeandikwa ahsante. Wengine mlikuwepo kwenye video siku ile, mlipiga vigelegele. Baba Rehema ulisema niikatie bima. Hakuna aliyeshtuka, kwa hiyo leo asitokee mtu kusema eti aliona tangu mwanzo.

Kilichonitia wasiwasi ni kadi yangu nyingine, ya mchezaji Olajuwon. Mnaikumbuka ile Akeem yangu, namba 82, kutoka enzi jina lake halijapata herufi ya H mbele. Niliinunua dukani kwa mkono wangu, na ni ya seti hiyohiyo. Nilitaka kuwapiga picha pamoja. Nikawaweka chini ya taa ya jikoni, na wekundu wa Jordan ukaonekana umepauka, kama kanga iliyofuliwa kwa jiki. Nikasema labda ni plastiki. Nikachukua lenzi ya sonara, ile ya kuvuta mara kumi.

Geuza Akeem nyuma: herufi ndogo za takwimu ni wino mmoja uliojaa, kingo zake kali. Kwenye picha ya mbele unaona vidoti, ndiyo, lakini vimejipanga kwa utaratibu, duara duara ndogo zinazorudia. Geuza Jordan nyuma: herufi zenyewe ni vidoti! Nyeusi imechanganywa na waridi na njano na bluu, kingo zimetawanyika. Maana yake nini? Maana yake mtu amechukua kadi halisi, akaiskani, akaichapa upya kwa mashine, na mashine haijui ipi ni herufi na ipi ni picha, yote inayajenga kwa vidoti. Alama ya Fleer kwenye kona ya mbele ilikuwa na ukungu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka lenzi ikaanguka.

Nikampelekea mzee wa duka la kadi. Hata lenzi hakuomba. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa slabu, akanionyesha gundi imekauka kwenye kona. Makasha ya PSA yanafungwa kwa mitetemo ya sauti inayoyeyusha plastiki pande mbili zikawa kitu kimoja, gundi haimo kabisa. Na ile namba? Namba ni ya kweli, ila ni ya kadi ya mtu mwingine. Wanaokota namba kwenye picha za minada ya zamani, wanachapa lebo, basi. Tuliitafuta humo dukani, tukaipata picha ya kadi halisi yenye namba hiyohiyo, iliuzwa zamani: picha yake imekaa kushoto zaidi, na kona ya chini ina mkunjo ambao yangu haina. Yangu imepona mkunjo, jamani. Muujiza.

Nilimwandikia yule "mzee". Akaniblock. Simu haipatikani. Mnada unasema biashara haikufanyika kwao kwa hiyo ulinzi wa mnunuzi haunihusu, na benki inasema nilituma mwenyewe kwa hiari yangu. Kwa hiari yangu!

Mimi nataka afungwe. Sitaki hela tena, yaani nataka, lakini kwanza nataka kumwona na pingu. Amenitumia feki kwa posta, na huku Marekani ulaghai wa kupitia posta ni kosa la serikali kuu, linafika miaka 20 jela. Na wasiseme hawa hawakamatiki. Mei 2024 waendesha mashtaka wa New York waliwafungulia kesi wanaume wawili wa jimbo la Washington kwa madai ya kuuza kadi zenye madaraja feki ya PSA, zaidi ya dola milioni 2, na humo humo Jordan hii hii imo. Kwa hiyo inawezekana. Wamtoe mbele ya mbwa wake, wampitishe mtaani kwake na zile lebo zake zimebandikwa kifuani.

Haya, mmeniuliza inbox dalili ni zipi. Zile sifa mia nne: nilikuja kuzifungua moja moja baadaye, karibu zote ni za kava za simu na vibandiko vya dola mbili tatu. Picha za mnada zilikuwa mbili tu, zote na mwanga juu ya lebo. Omba video, aandike tarehe ya leo na jina lako kwenye karatasi, aishike kando ya kadi. Akianza hadithi, kimbia. Huyo aliyenizidi sekunde ya mwisho naamini ni yeye mwenyewe na akaunti ya pili, maana ilikuwa na sifa sifuri. Namba ya lebo kukubali haitoshi. Itafute namba hiyo kwenye picha za mauzo ya nyuma na ulinganishe jinsi picha ilivyokaa, mikwaruzo, kona. Na hiyo habari ya kulipana pembeni ili kukwepa makato, mimi siku hizi nikiisikia tu natukana. Kuna kitu kuhusu hologramu ya nyuma pia, mzee wa duka alieleza, ila akili yangu ilikuwa imeshahama.

Ah, na mwenye kadi ya Hasheem Thabeet ya 2009 awe na amani, hizo hakuna anayehangaika kuzifoji.

Nimeshapeleka malalamiko kwenye IC3, tovuti ya FBI ya kuripoti uhalifu wa mtandaoni, na kwa wakaguzi wa posta. Jina la akaunti siliandiki hapa kwa sababu ameshalibadilisha tangu aniuzie mimi, mkishika jina atawapita hivihivi. Shikeni meza nyeusi, marehemu kaka, na mbwa. Kama umewahi kununua kwake, au una bahasha yenye muhuri wa posta alikotumia, njoo inbox leo, kabla mnada wa hii ya sasa haujafungwa kesho saa mbili usiku.