Ngiri ya kinena kwa wavu, Mtwara: uzoefu wangu na hesabu ya roboti

Nyota nne kati ya tano. Huduma yenyewe: upasuaji wa wazi wa ngiri ya kinena, upande mmoja, kwa wavu na ganzi ya mgongo, hapa Mtwara mjini. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya bili.

Tusichanganye mambo lakini. Huku kwetu mtu akivimba huko chini huambiwa tu ana mshipa. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaozunguka korodani. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumbo yaliyopenya kwenye uwazi wa misuli. Mara nyingi ngiri ukilala inarudi ndani, ukikohoa inatokeza; busha halirudi. Upasuaji wake ni tofauti, kwa hiyo soma karatasi ya kliniki imeandika kipi kabla hujaanza kuuliza bei.

Kinachofanyika ni mkato mfupi kinenani, utumbo unarudishwa mahali pake, kisha wavu wa polipropilini, aina ya plastiki, unalazwa juu ya uwazi na kushonewa. Ni njia ya Lichtenstein, iliyoanza Marekani miaka ya 1980. Uzuri wake ni kwamba misuli haivutwi kwa nguvu ili ikutane, kama kwenye mishono ya zamani. Wavu uwe wa kama sentimita 7.5 kwa 15 na uuvuke mfupa wa kinena kwa sentimita mbili hivi. Ukiishia pale kwenye mfupa bila kuuvuka, ndipo ngiri inapopata njia ya kurudi.

Sasa bili. Iliandikwa "upasuaji", mstari mmoja, halafu wavu ukaja baadaye kama nyongeza. Uliza mapema: wavu umo kwenye bei? Bima yako inaulipia, au utaununua mwenyewe dirishani? Kipande cha 15 kwa 15 kikikatwa katikati kinatosha wagonjwa wawili, basi uliza pia unalipia kizima au nusu.

Bei ya wavu si jambo la kupuuza. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016, wanaume 302, ulilinganisha wavu wa kiwandani wa dola 125 na wavu wa chandarua uliotakaswa kwa mvuke, wa dola 1. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. (Asije mtu akapeleka chandarua chake cha msaada hospitali! Ule haukuwa na dawa ya mbu.)

Wengi wananiuliza kuhusu roboti, maana wameona video. Huku kusini hatuna, na kwa ngiri ya kawaida sioni cha kuikimbilia. Mashine ya da Vinci, ndiyo roboti yenyewe ya upasuaji, inafika dola milioni mbili hivi, bado matengenezo ya kila mwaka. Hata vifaa vya mikono yake vina hesabu ndani: vingi vilipangiwa matumizi kumi, yakiisha mashine inakikataa hata kama bado kinakata vizuri. Gharama hiyo lazima imwangukie mtu. Huko huko Marekani, utafiti wa 2020 wa wagonjwa 102 wa ngiri ya kinena uliiweka roboti kwa dola 3,258, upasuaji wa matundu madogo wa kawaida (kamera na vifaa vinapitishwa kwenye vitundu vya tumboni, bila roboti) dola 1,421. Roboti ilichukua dakika 75, mwenzake 40, na siku 30 baadaye wagonjwa walikuwa sawa tu.

Matundu madogo yana mahali pake: ngiri za pande zote mbili, iliyorudi baada ya upasuaji wa wazi, na kwa wanawake, ambao ngiri ya paja hujificha. Lakini hapo unalazwa kwa nusu kaputi, na ukipewa rufaa ya Dar ongeza nauli na malazi ya msindikizaji.

Ningerudia leo ningeomba ganzi ya pale pale kinenani badala ya ya mgongo. Ni rahisi zaidi, na mkojo hausumbui. Ganzi ya mgongo inaweza kuufunga mkojo, ukawekewa mpira, na siku ya wodini ikaongezeka kwenye bili. Korodani kuwa na weusi na uvimbe kidogo siku za mwanzo ni kawaida, ganzi kwenye ngozi chini ya kovu pia. Usaha, homa au uvimbe unaokua haraka, rudi. Na ambaye bado hajapasuliwa, ngiri ikigoma kurudi ndani, inauma na anatapika, aende usiku huo huo: utumbo ukioza, unakatwa, na bei si hii tena.

Panga tarehe kwa msimu. Mimi niliambiwa wiki sita bila kubeba kizito, na pampu ya salfa ya kupulizia mikorosho, inayobebwa mgongoni, imo kwenye hesabu. Mwenye mikorosho ajitibie kabla ya kupulizia, au asubiri mpaka gunia la mwisho lifike ghalani.